Hela Hii Inaitwaje?

Wadogo zangu mnaokaa sasa kwenye dirisha lile, nimestaafu wiki tatu zilizopita na bado mkono wangu wa kulia unaamka asubuhi ukitafuta droo ya chenji. Kampuni imeniaga kwa zawadi ya saa ya ukutani. Miaka tisa niliwaomba saa ya kutundika dukani ili wateja wajue wamekaa muda gani, nikajibiwa kwamba bajeti hairuhusu. Siku niliyoondoka ndipo bajeti iliporuhusu. Sasa saa ipo sebuleni kwangu Mtanda, inanitangazia kila saa kwa kengele, na mimi sina ninapochelewa.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mmoja wenu akaongeza, "Lakini usihubiri, Mama Konso." Sihubiri. Nimekula mshahara wa mikeka, nimesomesha watoto wawili kwa matumaini ya watu wengine, na nikianza leo kusema kubeti ni dhambi hata paka wangu atanicheka. Nitasema niliyoyaona. Nitasema pia kosa moja nililolifanya mimi, ili msilirudie.

Nilianza kazi hii kabla ya mikeka kufika Lindi. Nilikuwa nauza tiketi za bahati nasibu pale stendi, zile za kukwangua kwa sarafu. Nilikuwa nimeshuka kutoka Newala, msichana wa Kimakonde mwenye cheti cha darasa la saba na mdomo mrefu, na aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hemedi, mtu wa Kitomanga, mwembamba, mwenye koti moja alilovaa masika na kiangazi. Meza yetu ilikuwa ya mbao, ina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo Mzee Hemedi alikuwa ameweka kitabu cha maelekezo tulichopewa na ofisi. Alisema hapo ndipo kilipofaa zaidi.

Siku ya kwanza nilimuuzia mtu mmoja tiketi kumi na moja. Nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii. Mzee Hemedi akaniuliza, "Yule ulimuuliza hela yake inaitwaje?"

"Hela inaitwa hela, mzee."

"Alikuwa na nini mkononi?"

Nikakumbuka. Alikuwa na madumu mawili matupu.

"Basi ile ilikuwa inaitwa mafuta ya taa," akasema. "Mfuate."

Nilimkuta nyuma ya basi, amechuchumaa, miguu yake imezungukwa na vipande vya tiketi zilizokwanguliwa. Hakuna hata moja iliyotoka. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Akaniangalia usoni kwa upole kabisa, akaniuliza, "Dada, umebaki nazo nyingine?"

Niliporudi mezani Mzee Hemedi alinieleza somo ambalo ofisi haikuliandika popote. Hela nyingi hutoka nyumbani ikiwa na jina tayari. Kuna ya unga, kuna ya nauli ya kurudi, kuna ya ada. Hiyo usiiguse, kwa sababu mwenye nayo akiipoteza atarudi kuitafuta, na atakuja na hela nyingine yenye jina. "Yetu," alisema, "ni ile isiyo na jina. Ile ambayo mtu akiidondosha chooni atasonya tu, halafu atafunga suruali aende zake."

Yeye mwenyewe alikuwa ananunua tiketi moja kila mwezi, asubuhi, kwa hela ya kahawa, na siku hiyo hanywi kahawa. Anakwangua, anacheka, anatupa. Sikumbuki kama aliwahi kushinda chochote zaidi ya tiketi nyingine ya bure, ambayo alimpa kondakta. Nimekutana na wateja maelfu tangu wakati huo, na bado yeye ndiye mchezaji bora niliyemjua.

Tiketi zilipokufa tukaja huku kwenye mikeka. Mzee Hemedi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa mtu mzima wa kufundishwa kompyuta na kijana wa kutoka Dar aliyekuwa ananiita "bi mkubwa" kila akitaka kunikasirikia. Vifaa mnavijua: kompyuta, mashine ya kuchapisha risiti, televisheni mbili, dirisha lenye nondo, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe, na uzi ambao uliibwa. Majina ya timu za Ulaya niliyatamka kwa namna ambayo wenyewe wangeweza kunishtaki. Lakini wateja walinielewa, na mashine ilinielewa, na hilo ndilo lilikuwa muhimu.

Kwa wale watakaosoma haya na hawajawahi kuingia dukani kwetu, mkeka ni orodha ya mechi ambazo mtu anabashiri kwa mpigo mmoja. Mechi zote zikienda alivyosema, anakula. Ikikosea moja tu, mkeka umechanika wote, na anabaki na karatasi ya kufungia karanga. Ndiyo maana kila mteja ana hadithi ya timu moja iliyomchania mkeka. Hajawahi kutokea mteja wa kusema zilimchania sita, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nazisoma.

Ukutani tulikuwa na bango la kuwaambia watu wacheze kwa kiasi. Lilibandikwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo aliyelisoma mara nyingi zaidi ni fagio. Kwenye droo ya chini kabisa, chini ya rola za karatasi, zilikuwapo fomu za mteja anayeomba mwenyewe azuiliwe kucheza. Nilizikuta siku ya kwanza zikiwa bado na ule mkanda wa kiwandani. Kumbukeni droo hiyo.

Kama mmewahi kujiuliza kwa nini nilikuwa natukana wateja, hapa ndipo maelezo yalipo. Somo la Mzee Hemedi lilikuwa zuri kwa stendi, ila hebu mshike mwanaume mzima wa Lindi mbele ya wenzake, umuulize hela yake ni ya nini. Atasema umemvunjia heshima, na ni kweli. Nikaona njia pekee ni utani. Sisi Wamakonde na Wamwera ni watani, na mtani unamwambia lolote, unamnyang'anya hata ugali mkononi, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Nusu ya wateja wangu walikuwa Wamwera wa huko bara ya Lindi. Nikawa namuuliza mtu hela yake inaitwaje katikati ya matusi, na yeye ananijibu katikati ya matusi, na ukweli unapita humo humo bila mtu kuaibika. Waliokuwa si watani zangu niliwabandikia utani wa kuazima. Wazee wote walikuwa waume zangu, na kama mume wangu hela yake ilikuwa ya dawa ya presha, nilimrudisha kwa mke mwenzangu.

Wengi ilifaa. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja aliyekuwa anakuja kila Jumamosi na noti moja tu mfukoni. Simu alikuwa ananiachia mimi kaunta. Anacheza mkeka mmoja, anachukua simu yake, anaondoka kabla mechi haijaanza, na matokeo anakuja kuyauliza Jumatatu. Wenzake walimwona mshamba. Ni yeye peke yake katika kundi lile ambaye bado ana baiskeli.

Na kuna neno moja nililojifunza kuliogopa, nalo ni "narudisha". Mteja akikwambia anacheza kwa kuwa anapenda mpira, ana nafasi. Akikwambia anacheza ili arudishe za jana, hapo hata umpe timu inayocheza na kipofu, ameshapotea. Mpe maji anywe. Mwambie mtandao umekata. Mimi mtandao wangu ulikuwa unakatika mara nyingi kuliko wa duka lolote la kanda hii, na makao makuu walituma fundi mara mbili.

Sasa nifike kwa Selemani.

Selemani ni Mmwera wa Nyangamara, alikuwa na miaka arobaini na kitu alipoanza kuja, mtu mfupi, mcheshi, kofia ya kiua kichwani hata jua liwe kali vipi. Alikuwa analeta ufuta na mihogo mjini Jumamosi, akimaliza kuuza anapita kwangu. Analima mikorosho aliyoiacha mama yao, na mikorosho ile mwenye nayo hasa ni dada yake mkubwa, Bi Mwanahawa, kwa kuwa kwao mali ya mama hushikwa na binti. Selemani ndiye mpulizaji na mwokotaji, na wote wawili wanakula humo.

Tulikuwa tunasalimiana hivi.

"Shikamoo, Mama Konso."

"Marahaba, mla panya. Umekuja na mkia au umeuacha nyumbani?"

"Nimewaachia wajomba zako. Walisema wiki nzima hawajaona kitoweo."

"Haya, hela hii inaitwaje?"

"Inaitwa mahari. Nakuja kukuoa, nimepungukiwa kidogo."

Duka linacheka, naye anacheza mkeka mmoja mdogo, anapanda bodaboda yake. Mwaka mzima ulipita hivyo na sikuwa na neno naye. Kilichomharibu ni kushinda. Mkeka wake mmoja ulikubali wote, akanunua kitanda cha futi sita na godoro lake, akakipakia juu ya basi, na yeye akapanda juu huko huko akilishika godoro kana kwamba ni bibi harusi. Nyangamara nzima ilitoka kuangalia kitanda. Mimi nilishangilia pia. Ningejua, ningelia.

Baada ya hapo akaanza kuja na Jumatano. Kisha akaacha kubishana habari za timu, akawa anasema, "Weka zozote." Kisha akanunua simu kubwa, ili acheze hata akiwa shambani, na dukani anakuja tu akiwa na noti za mkononi. Mwisho akaacha kunitukana. Hapo ndipo nilipopaswa kustuka, maana mtani akikuamkia shikamoo tupu bila kukutia hata panya mmoja, kuna kitu kinamla. Nilikiona na nikajiambia labda ana malaria.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, msimu wa kupulizia mikorosho. Mnajua wenyewe, maua yakitoka bila dawa ya salfa, ubwiri unayapaka unga mweupe, yanakauka, na mwaka huo huokoti. Duka lilikuwa limejaa, timu mbili kubwa za nchi zinakutana jioni, foleni imefika mpaka kwa mama ntilie. Selemani alifika dirishani. Alikuwa anatabasamu. Akasema, "Mama Konso, leo usinipokee."

"Kwa nini?"

"Hela hii ni ya salfa. Ya dada. Nikinyoosha mkono, wewe kataa. Mimi mwenyewe kuurudisha siwezi."

Na wakati anasema hivyo, mkono ulikuwa tayari umeshapita kwenye nondo, na hela imo.

Niliangalia lile tabasamu, nikaangalia foleni, na mdomo wangu ukafanya kazi uliyozoea. Nikasema kwa sauti, "Mmwera mzima anaomba kunyimwa! Nikikunyima utakwenda kumalizia hasira kwa panya wote wa Nyangamara, na sisi tule nini? Lete hapa!"

Duka zima likaangua kicheko. Selemani alicheka kuliko wote. Nikachapisha mkeka.

Wadogo zangu, miaka yote hiyo nilikuwa nauliza hela inaitwaje. Siku ile sikuuliza, nikaambiwa bila kuuliza, nikaambiwa jina lake kamili na la mwenye nayo, na nikaipokea huku nacheka. Mkeka ulichanika kabla ya mapumziko. Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, nyingine nilizitafuta mwenyewe, lakini hiyo ndiyo ninayoamka nayo.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, aliingia dukani mwanamke mrefu aliyejitanda kanga, ameshika kikapu. Wanawake wa kuingia kwetu ni wachache, kwa hiyo vijana wote wakageuka. Akasimama katikati, hakupandisha sauti.

"Asalaam aleikum. Hapa ni nani aliyeombwa asipokee, akapokea?"

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye benchi la mama ntilie. Ndiye Bi Mwanahawa. Nilimwamkia, kwa kuwa alikuwa amenizidi umri, akaitikia marahaba kama mtu anayetimiza wajibu.

"Kaniambia kila kitu," alisema. "Kasema, nilimwambia mtani wangu ukweli, akacheka. Mimi sikuja kukutukana, mwanangu. Nimekuja kukuambia yaliyofuata. Ijumaa korosho zinaondoka."

Akanieleza. Selemani alikuwa amekubaliana na mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa kificho wanaolipa kwa bei ya kutupa korosho zikiwa bado maua. Angeuza zao lote la msimu. Hela ingeingia Ijumaa kwenye simu ya Selemani, na kila mtu pale nyumbani alijua ikishaingia kwenye simu ile itakwenda wapi. Selemani alisema anarudisha. Dada mtu alikuwa amemkatalia, ameita wazee, amelia, na Selemani ameapa mbele yao, na usiku huo huo amecheza tena kwa simu kwenye kampuni nyingine.

Nilirudi ndani nikafungua ile droo ya chini. Nikampigia meneja wetu wa kanda, nikamwambia nataka kumjazia mteja fomu. Akauliza fomu gani. Nikamsomea kichwa chake. Akasema, "Mama, hizo zipo ili ziwepo."

Nikakata mkanda wa kiwandani kwa meno. Ila fomu ilitaka saini ya Selemani mwenyewe, na hata akisaini ingefunga dirisha langu tu. Simu isingejali. Simu haimwulizi mtu hela inaitwaje, na kwa bahati mbaya pia haiwezi kutukanwa.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeleta wazo, ingawa siku hizi najisifu kwamba ni langu. Akaniuliza, "Wewe Mmakonde kweli, au wa kujiita tu?"

"Kweli tupu."

"Alhamisi tuna arobaini ya mjomba. Watani hawajaja hata mmoja. Msiba wetu umepoa."

Tukaangaliana. Kwa watu wa mbali nieleze kwamba kwenye msiba wetu mtani anakuja kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anamwiga anavyotembea, anadai madeni ya uongo, anakamata kitu chochote cha wafiwa, na mwenye kitu haruhusiwi kununa. Anakikomboa, tena kwa bei aliyoitaja mtani.

Alhamisi nikaomba ruhusa ya kufiwa, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli. Nikachukua basi dogo, nikamalizia kwa bodaboda hadi Nyangamara, nimefunga kanga kifuani na jaketi la zamani la mume wangu juu yake. Dua ilikuwa imekwisha na watu wanakula pilau. Nikaingia ua ule napiga kelele, "Mjomba wenu amekufa na jogoo wangu! Nani atanilipa? Msinionyeshe machozi, machozi hayaliwi!" Wazee wakaanza kucheka, kina mama wakapiga vigelegele. Nikapita mkekani, nikanusa sahani za watu, nikamnyang'anya mmoja nyama, nikamwambia shemeji yao amenona kuliko marehemu. Nikafika kwa Selemani. Simu ilikuwa mfuko wa shati. Nikaichomoa.

"Rehani ya jogoo wangu hii hapa!"

Ua mzima ukalipuka. Selemani akasimama. Sijawahi kuona uso unabadilika namna ile. Mkono wake ulikuja mbele, ukabaki hewani, kwa kuwa watu wote walikuwa wanaangalia na mila inajulikana. Akasema chinichini, "Mama Konso, kesho nategemea simu."

"Najua. Ndiyo maana nimeichukua leo."

"Nitaikomboa. Jogoo hata sasa hivi nakushikia."

"Majogoo wamejaa hapa, siwataki. Utaikomboa siku ukiwa tayari. Siku hiyo njoo na jogoo."

Akaondoka akaenda nyuma ya jiko. Nikamfuata. Alikuwa amekaa juu ya kinu, analia.

"Siku ile nilikuambia," alisema. "Nilikuambia kweli."

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Nisamehe, Selemani."

Sikuwa nimewahi kumwomba mtani msamaha kwa sauti ya kawaida, na yeye hakuwa amewahi kuombwa. Tulikaa pale kama watu wawili waliovuliwa nguo. Mwishowe akafuta uso kwa kofia, akasema, "Hilo jaketi linanuka panya." Nikajua tutaelewana. Nikatoa fomu, akaisaini juu ya ungo wa dada yake, na kalamu ikatoboa karatasi katikati ya jina.

Ijumaa asubuhi simu ikaita nikiwa Lindi. Sauti ya mwanaume, nzito. "Selemani yupo?"

"Hayupo. Simu imehamia kwangu."

"Wewe nani?"

"Mtani wake. Unataka korosho za mama yake marehemu au unataka zangu? Zangu hazijatoa maua tangu nimefikisha hamsini."

Akakata. Alipiga mara tatu tena, na mara zote nilipokea kwa heshima.

Sasa msije mkasema Mama Konso alimwokoa mtu. Laini ya simu inarudishwa kwa siku moja, unakwenda na kitambulisho, unaweka kidole, imekwisha. Selemani alilijua hilo. Angeweza kwenda Jumamosi ile ile. Hakwenda, na hiyo kazi aliifanya yeye, kila siku, mimi nikiwa nalala. Nilichompa ni sababu ya kuwaambia wenzake wakimuuliza mbona huchezi: simu imekamatwa na mtani. Hiyo ilimpa njia ya kukataa bila kujieleza. Dada yake aliuza mbuzi wawili, salfa ikapatikana kwa kuchelewa, nusu ya mikorosho ikashika na nusu ikaungua na ubwiri. Waliokota kidogo mwaka ule, lakini waliokota kilicho chao.

Msimu wa mauzo alikuja Lindi. Nilimwona kupitia nondo, amekaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, anaangalia mlango wetu. Alikaa saa nzima na sahani moja ya wali. Akalipa, akaondoka. Sikumwita. Nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

Simu yenyewe niliiweka kabatini chini ya vitenge, na kila mwezi nikawa naichaji ili betri isife. Kila nikiiwasha, ujumbe unamiminika. Selemani tumekukumbuka. Selemani bonasi yako inakusubiri. Selemani rudi, leo ni siku yako. Hakuna mwanamke aliyewahi kumbembeleza mwanaume namna ile, na kama yupo aliachika. Siku moja mchana, nikiwa mapumzikoni nyumbani, ukaja ujumbe wa mkeka wa bure. Nikajiambia, si wa bure? Nikabonyeza. Nikachagua mechi tatu.

Mimi, mwanafunzi wa Mzee Hemedi. Kuanzia hapo sikufanya lolote. Ugali uliungua, jirani aliniita mara mbili sikusikia. Mechi mbili zilikubali, ya tatu wakasawazisha dakika za mwisho, na nikasimama katikati ya jiko nimekasirika kana kwamba nimeibiwa, tena hela ambayo haikuwa yangu wala ya mtu yeyote. Na neno lililonijia kichwani, naapa, lilikuwa "narudisha". Nikaizima ile simu, nikaifunga ndani ya kitenge mafundo mawili. Toka siku hiyo sikumtania tena mteja yeyote kuhusu kushindwa kwake kuacha.

Siku yangu ya mwisho kazini mlikuwapo, mlikula keki. Hamkujua kwa nini yule mtu wa kofia ya kiua aliingia na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na kwa nini nyie nyote niliwaambia mwende nyuma mkahesabu rola za karatasi.

"Shikamoo, Mama Konso."

"Marahaba, mla panya. Huyo jogoo umemwiba wapi?"

"Kwa wajomba zako. Nimekuja kukomboa."

Nilikuwa nimekuja na simu mkobani, kwa kuwa nilijua naondoka na sikutaka kuondoka na kitu cha mtu. Nikaiweka juu ya kaunta, upande wangu wa nondo. Sikusema neno, na mnanijua, hilo si jambo dogo.

Selemani aliiangalia. Akapitisha mkono kwenye nondo, pale pale ulipopita siku ile na hela ya salfa. Vidole vilifika kwenye simu, vikaigusa. Nilihesabu pumzi zangu.

Kisha aliurudisha mkono mwenyewe.

"Bado," alisema. "Kaa nayo, mtani. Ila jogoo mchukue, nauli yake nimeshalipa na kurudi nami hataki."

Jogoo nimemla. Simu bado ipo kabatini, na saa ile ya ukutani nitawaletea Jumatatu muitundike mahali inapoonekana, bajeti ni yangu. Kwenye droo ya juu nimewaachia picha ya Selemani na fomu yake yenye tundu katikati. Kama atakuja, atawatania, kwa sababu ni mcheshi na hawezi kujizuia. Chekeni, mna haki. Mkimaliza kucheka, muulizeni hela yake inaitwaje, na akiwaambia jina lake, mwaminini.